Lori Lililokula Jua

Ngano yaja.
— Ije, tumekwisha kukaa.
Yaja na miguu mingapi?
— Minne, na mkia haina.
Na nyuma yake kuna nini?
— Magurudumu sita.
Basi nisikilizeni, na anayetaka kusinzia asubiri honi ilie kwanza.

Hapo kale, lakini si kale sana, kwa sababu malori yalikuwapo, aliishi Pimbi. Nasema Pimbi. Wengine humwita wibari, na hilo pia ni jina lake. Msimwite panya, maana hana mkia. Msimwite sungura, maana masikio yake ni mafupi na hajisifu. Alikaa kwenye mawe ya kilima kiitwacho Ng'arame, na kila asubuhi alitoka pangoni, akajinyoosha juu ya jiwe, akaota jua mpaka damu ichangamke.

Chini ya kilima palikuwa na kisima kimoja tu, jina lake Mtuturi. Juu ya kisima palisimama mkwaju wenye kivuli kizito. Chini ya mkwaju palisimama lori. Chini ya lori alilala Kiboko. Na chini ya tumbo la Kiboko ndipo ulipokuwa mdomo wa kisima.

Mto ulipokauka, Kiboko alirudisha lori lake kinyumenyume mpaka juu ya kisima, akazima injini, akaanza kupiga honi. Paaa asubuhi, paaa mchana, paaa jioni, ili kila mnyama ajue nani ana lori. Akapiga, akapiga, mpaka siku moja akabonyeza na honi ikasema: pi. Kisha haikusema kitu.

Tangu siku hiyo alikuwa na neno moja.

"Betri imekufa," alisema. "Lori haliwezi kusogea. Na mimi ndiye mwenye lori, siwezi kuliacha peke yake. Mwenye kiu alete mtama."

Digidigi akaleta mtama, akapata bakuli la maji. Nungunungu akaleta mtama, akapata bakuli la maji. Kanga, mwenye vifaranga wengi, akaleta mtama leo, akaleta kesho, mpaka ghala lake likabaki na mtama wa mbegu.

Akaenda kwake Pimbi, akamkuta juu ya jiwe.

"Jirani," alisema Kanga, "wewe waota jua na mimi watoto wangu wamekaukwa na ndimi. Nimebakiza mbegu. Nikimpa yule mbegu, mvua ikija nitapanda nini, manyoya?"

"Manyoya yako ni mazuri, lakini hayaoti," alisema Pimbi. "Mpe kiganja kimoja kimoja, Mama Kanga, na umcheleweshe kwa maneno. Mimi nitaliondoa lile lori."

"Kwa mikono hiyo?"

"Kwa mikono yake."

Sasa, Pimbi alikuwa na redio ndogo, na redio ile ilikula jua. Juu ya jiwe lake alikuwa ameweka paneli ya sola, ndogo, si kubwa kuliko sinia la chai. Kutoka kwenye paneli ulishuka waya mrefu sana mpaka ndani ya pango, kwa kuwa pango la Pimbi ni refu. Pimbi akaichukua paneli. Akaukata waya, akabakiza kipande kifupi tu. Ule mrefu uliobaki akauviringisha, akauficha nyuma ya redio. Kisha akashuka mpaka kisimani.

"Shikamoo, Bwana Kiboko."

"Marahaba. Umeleta mtama?"

"Sikuleta mtama. Nimekuja kukupa pole. Nimewaona shorewanda wakijenga kiota kwenye kioo cha lori lako. Zamani, honi ilipolia, hata nyati walipisha njia. Sasa shorewanda wanakupangia nyumba."

Kiboko akafungua jicho moja. "Wewe kipande cha sabuni, umekuja kunicheka?"

"Nimekuja kulilisha lori. Betri yako haijafa, Bwana. Ina njaa tu. Hiki hapa ni kijiko chake. Kinachota jua, kinaitia betri, taratibu, kila siku. Honi italia kama zamani."

Na hapo Pimbi hakusema uongo. Paneli ndogo namna ile haifufui betri iliyokufa kabisa, hilo mlijue. Lakini betri ya Kiboko ilikuwa imechoka tu. Kiboko ndiye aliyependa kusema imekufa, kwa sababu lori lililokufa haliambiwi sogea.

"Weka," alisema Kiboko.

Pimbi akapanda juu ya kichwa cha lori, akailaza paneli pale. Akafunga waya mwekundu kwenye betri, penye alama ya kujumlisha, na waya mweusi penye alama ya kutoa. Wakangoja mpaka jioni. Kiboko akabonyeza honi. Kimya.

"Haifanyi kazi."

"Itafanyaje kazi, Bwana, na iko kivulini? Lisogeze lori kidogo, jua liiguse."

"Kwa nini usiivute paneli ikafike juani?"

"Waya wake unaishia hapa, unaona mwenyewe."

Kiboko akauangalia waya. Ulikuwa mfupi kweli. "Basi waite wadogo waje wasukume," alisema.

"Niwaite?" alisema Pimbi. "Wakisukuma, honi ikilia watasema ni honi yetu sote. Kanga atataka aibonyeze. Nungunungu naye atataka."

Kiboko akanyanyuka. Akaweka bega kwenye lori, akasukuma peke yake. Hiii, tope likapasuka. Hiii, gurudumu likazunguka. Lori likatoka juu ya kisima, likasimama ukingoni mwa kivuli. Kiboko akarudi upesi kulala juu ya kisima, na siku ya pili yake akaenda kubonyeza.

Piii.

Ndogo, lakini honi. Shorewanda wakahama.

"Umesikia?" Kiboko alimuuliza Kanga.

"Nimesikia," alisema Kanga, akihesabu punje za mbegu polepole. "Inalia kama kifaranga wangu wa mwisho. Yule dhaifu."

Maneno yale yakamchoma. Kiboko akamwita Pimbi. "Mbona sauti ndogo?"

"Mchana kivuli cha mkwaju kinazunguka, kinaifunika paneli. Lisogeze lori kidogo, Bwana."

Hiii, Kiboko akasukuma. Hiii, jasho likamtoka. Lori likavuka kivuli. Akarudi mbio kisimani, akalala. Baada ya siku chache akaenda kubonyeza.

Piiiip.

"Nimesikia," alisema Kanga. "Sasa inalia kama mimi."

"Pimbi!"

"Lisogeze kidogo, Bwana. Pale kwenye mwamba ulio wazi, jua linakaa kutwa."

Hiii, Kiboko akasukuma. Hiii, mpaka kwenye mwamba mbele ya pango la Pimbi, mbali na kisima, mbali na mti. Akarudi akihema, akalala juu ya kisima. Jua likapiga siku ya kwanza. Likapiga siku ya pili. Siku ya tatu Kiboko alikuwa amelala kwa raha, mara akasikia:

PAAAAAA.

Nyati walioko ng'ambo ya bonde wakapisha njia, na hawakujua wanampisha nani. Kiboko akakimbia mpaka mwambani. Pimbi alikuwa amekaa kwenye usukani, miguu haifiki chini.

"Nani aliyebonyeza?"

"Niliipima, Bwana. Imeshiba. Sasa mpita njia yeyote anaweza kuibonyeza. Wewe uko kule kisimani, nani atajua ni honi ya nani?"

Kiboko akageuka, akatazama kisima chake. Akatazama honi yake. Akatazama tena kisima. Kisha akamtoa Pimbi kwa pua, akaingia ndani ya lori, akafunga mlango.

Akakaa humo. Jua likapanda. Paaa, akabonyeza, akafurahi. Jua likapanda tena. Ngozi ya Kiboko haipendi jua. Wekeni hilo moyoni. Likamtoka jasho jekundu. Mgongo ukaanza kupasuka kama udongo wa mpunga. Akatoa kichwa dirishani.

"Pimbi, nalirudisha lori kisimani."

"Ni lako, Bwana. Lirudishe kivulini. Honi italia piii, kisha itanyamaza, na shorewanda hawakai mbali."

Kiboko akafikiri. "Hakuna mahali penye jua na maji kwa pamoja?"

"Lipo ziwa la Ikungi, huko bondeni. Lori linasimama ufukoni, juani. Mwenye lori anakaa majini, analitazama."

"Ulijua siku zote?"

"Hukuniuliza habari za ziwa, Bwana. Uliniuliza habari za honi."

Kiboko akawasha. Ngri, ngri, ngri, ngruuum. Lori likashuka bondeni, honi ikilia njia nzima. Alipotazama kioo cha pembeni, hakuona shorewanda. Aliona kisima cha Mtuturi. Aliona vifaranga wa Kanga wamekizunguka. Aliona Digidigi akishusha ndoo ndani ya kisima kile kirefu, akiishusha kwa waya mrefu, waya usiokwisha, wa rangi ileile ya ule uliokuwa juu ya kichwa cha lori lake.

Kiboko ni mlafi, si mpumbavu. Akaanza kulifikiri jambo hilo taratibu: ule waya, lile jua, kile kivuli, na paneli ambayo ingeweza kulala juani wakati lori limelala kisimani. Alilifikiri njia nzima. Alipofika mwisho wa fikra zake, mbele yake palikuwa na ziwa, mgongo ukimuungua, na maji ni maji. Akaingia.

Mpaka leo yumo. Mkimwona akitoa macho na masikio, fuuu, msidhani anavuta pumzi. Anaangalia kama jua limeipata paneli.

Kanga naye, mvua ilipokuja, alipanda mbegu zilizobaki, na ziliota.

Na funzo la ngano hii ni hili: gari liegesheni kivulini. Jua linaharibu rangi. Atakayeniuliza mbona funzo halifanani na ngano, aende akamuulize Kiboko, na njiani apitie Mtuturi awatekee watu maji, kwa kuwa waya bado upo.

Yangu nimeiegesha hapa.
— Mwenye yake aiwashe.