Silinda Iliyokufa Gerejini kwa Lukindo

Gereji yangu pale Korogwe ilikuwa inazorota, nami Lukindo, mwenye tumbo na funguo zote, nikatangaza, "Kuna mvivu hapa. Wiki ijayo namfukuza." Nilikuwa nimemlenga Sikudhani, fundi mwenye mdomo.

Hakushtuka. Aliwasha gari la silinda sita lililokuwa linamisi, mlio ukikatika-katika, na kutetemeka, akawa anachomoa waya wa plagi mmoja mmoja na kuurudisha. Kila akichomoa, injini iliyumba. Alipochomoa wa tano, mlio haukubadilika.

"Silinda hii ndiyo iliyokufa, bosi. Inabebwa na nyingine. Na sisi tujipime hivyo hivyo: kila siku mmoja abaki nyumbani. Ambaye pengo lake halitaonekana, ndiye mvivu."

"Umenena!" nikasema.

"Tuko wangapi?" akauliza.

"Sita," nikajipiga kifua. "Ninyi watano na mimi. Mimi ndiye fundi mkuu!"

Siku tano, kila fundi aliyebaki nyumbani aliacha kilio: magari yalilala juu ya mawe, wateja wakafoka. Siku ya sita nilibaki nyumbani mimi.

Kesho yake niliingia nikikohoa kibosi. "Haya, jana mmeteseka kiasi gani bila mimi?"

Mafundi walitazamana. Sikudhani akafuta mikono kwa tambara.

"Kwani jana hukuwepo, bosi?"