Jina Moja kwa Chumba cha Mafunzo

Mnaonisikiliza, wakubwa kwa wadogo, leo siwapi hadithi ya kulalia. Nawapa hadithi ya kuamua, maana aliyekabidhiwa, uamuzi wenyewe umemshinda.

Katika kiwanda cha sukari cha Lukwambe walikuwapo watu watatu, kila mmoja na kipaji chake. Mwalimu Chilongani aliweza kufundisha jambo moja mara mia bila kuchoka wala kuudhika. Dada Nambua alikuwa na masikio. Miaka kumi kwenye vinu vya kusagia miwa haikuyaharibu bali iliyanoa, hata angesimama katikati ya ngurumo akasema, "Kile kinu cha pili leo kinalia vibaya," na mafundi wakifungua wanakuta kweli. Mwinjuma alikuwa na mikono. Alichokishika hakikumponyoka.

Wa nne alikuwa Simbano, msafishaji wa matangi ya molasi, ile shira nyeusi ya miwa. Huyu hakuwa na kipaji cha kutangaza. Yeye ndiye aliyeokolewa.

Ukimkuta leo, kichwa kimejaa mvi, ukamuuliza habari za Lukwambe, hataanza na tangi. Ataanza na darasa. Lilikuwa ghala kuukuu la magunia, na kila Alhamisi saa nne waliketi humo kwenye mabenchi, katikati ya harufu ya katani na miwa, wakinywa chai ya rangi na mihogo ya kuchemsha. Anaikumbuka ile chai kuliko chai zote alizokunywa tangu hapo. Na anamkumbuka Bwana Gunia.

Bwana Gunia alikuwa gunia la mchanga lililovikwa ovaroli na kofia. Mwalimu alimteremsha ndani ya tangi bovu nyuma ya ghala, kisha akapaza sauti: "Jamani, Bwana Gunia amezimia! Nani anaingia kumtoa?"

"Mimi!" alidakia Simbano siku yake ya kwanza.

Mwalimu akachukua chaki, akaandika ubaoni: *Marehemu Gunia*. Chini yake akaandika: *Marehemu Simbano*.

Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu hakucheka. Siku moja tu, na hakurudia tena, aliwaeleza kwamba katika kiwanda alichotoka aliwaona wanaume watatu wakifa ndani ya shimo moja, wa pili akimfuata wa kwanza ili amwokoe, wa tatu akimfuata wa pili. Wote hawakujua kwamba humo ndani hewa ilikuwa imekufa kabla yao.

Kwa hiyo aliwakaririsha mambo matatu. Hewa ipimwe kwanza. Anayeingia avae mkanda wenye kamba, hata kama anaingia kuokota kofia. Na anayekaa mlangoni haingii, hata aliyemo ndani akiwa mamake mzazi. Walimtania kwa hayo. Huko mitaani watoto walimwita Mwalimu Gunia.

Ukafika wakati wa mvua, kiwanda kikazimwa kwa matengenezo, na Simbano akapangiwa tangi namba tatu. Siku hiyo mwalimu hakuwapo. Alikuwa kitandani kwake, malaria imemshika.

Asubuhi hewa ilipimwa, ikaonekana nzuri. Kulikuwa na joto, na mkanda ule ulikuwa unamchubua Simbano mabegani. Akautundika kwenye msumari wake, akaanza kuondoka. Halafu akarudi. Mpaka leo hajui kwa nini alirudi. Anachojua ni kwamba aliuvaa akiwa anawaza mambo mengine kabisa, na vidole vikafunga vifungo vyenyewe, kama vilivyofunga Alhamisi mia moja na zaidi.

Akashuka. Juu ya tangi, kando ya mlango, akabaki Nambua na nyundo ndogo. Kazi yake ilikuwa kugonga bati mara mbili kila baada ya muda mfupi, na Simbano kujibu mara mbili kwa koleo. Mwinjuma alisimama kwenye winchi, iliyofungwa juu ya miguu mitatu ya chuma, na kamba ya Simbano ilipita hapo.

Simbano alikuwa anakwangua molasi iliyoganda chini. Koleo likavunja gamba gumu, na hewa mbaya iliyokuwa imefungiwa humo ikapanda. Ilinuka kama togwa iliyochacha. Koleo likawa zito mkononi. Kule juu mtu aligonga mara mbili. Alijua anatakiwa kujibu, akajibu, ila akaona hakuna haraka yoyote duniani.

"Mwinjuma, vuta!" akasema Nambua.

"Si amejibu?"

"Amejibu kama mtu mwingine. Vuta!"

Mwinjuma akavuta. Kelele zile zikamleta Senkondo, kaka yake Simbano, aliyekuwa akipaka rangi tangi la jirani. Akapanda ngazi mbiombio, akachungulia, akamwona mdogo wake ananing'inia, kichwa kimeanguka kifuani.

"Nipisheni! Nashuka!"

"Hushuki, kaka Senkondo." Nambua akajiweka mbele ya mlango.

"Ni mdogo wangu yule!"

"Najua ni mdogo wako. Hushuki."

Senkondo akampiga kofi la sikio, kwa nguvu zake zote. Nambua akayumba, akakumbatia mguu wa chuma, asiondoke. Akapigwa la pili. Hakuondoka.

Wakati huo jino la winchi lilikatika. Mpini ukazunguka kinyume, kamba ikaanza kurudi chini na mtu wake. Mwinjuma akaitia mkono, akaizungusha kiganjani mara mbili, akaegemea nyuma. Kamba ikala nyama. Akavuta pima kwa pima, akipiga kelele ambazo wenzake hawakuwahi kuzisikia kwake, mpaka kichwa cha Simbano kikatokeza mlangoni.

Wakamlaza juu ya bati lenye joto. Baada ya muda akakohoa. Kitu cha kwanza alichokiona ni kaka yake analia, na Nambua ameketi pembeni, ameshika sikio. Sikio lile halikusikia tena. Mwinjuma alikatwa vidole viwili hospitalini, akahamishiwa getini kufungua na kufunga. Hadi anastaafu, Senkondo hakuweza kumtazama Nambua usoni.

Miaka ishirini na minne ikapita. Mwalimu Chilongani akafariki. Ghala la magunia likabomolewa, na Simbano, aliyekuwa ameshastaafu, alikwenda kulitazama likianguka kama mtu anayemsindikiza ndugu. Kisha mwezi uliopita meneja mpya, Bi. Atuganile, akamwita ofisini.

"Shikamoo, mzee. Tumejenga chumba kipya cha mafunzo, hapo juu ya ofisi. Tunataka kukipa jina la mtu aliyekuokoa. Nani?"

"Marahaba. Walikuwa watatu, mwanangu."

"Mzee, nikiandika majina matatu, watu watakiita 'kile chumba cha juu', basi. Nataka vijana waseme, 'Alhamisi tunakwenda kwa fulani.' Fulani ni mmoja."

Akampa karatasi yenye mstari mmoja mtupu.

Simbano akaenda kwanza kwa Mama Chiku, mjane wa mwalimu. Mama Chiku akamkaribisha, akamwambia, "Mume wangu amezikwa watu wakimwita Gunia. Hata mchungaji aliteleza ulimi siku ya mazishi. Ningependa nilione jina lake limeandikwa sawasawa, mara moja tu."

Akaenda kwa Nambua. Ilibidi azunguke upande wa kulia ndipo asikike.

"Shikamoo, dada. Ungependa wamwandike nani?"

"Marahaba, mdogo wangu. Nikuambie kweli? Wapo wanaosema hadi leo kwamba mimi nilisimama tu, nikamzuia mtu asimwokoe nduguye. Nawaona dukani wakinong'ona. Wananong'onea upande huu wa sikio linalosikia, sijui kwa nini."

Akaenda kwa Mwinjuma, akamkuta amekaa na wajukuu. Mwinjuma akacheka, akasema yeye jina la mlangoni halimhusu. Lakini Simbano alipoaga, akamsindikiza mpaka njiani, akamwonyesha ule mkono.

"Hawa wajukuu wanadhani nilizaliwa hivi," akasema.

Karatasi sasa iko mezani kwa Simbano, na fundi rangi anakuja Jumatatu. Bila mkanda, kamba ingevuta nini? Bila sikio, angevutwa maiti, na pengine kaka yake pembeni. Bila mkono ule, angekuwa amerudi chini na kamba yake. Mmoja hakuwapo, mmoja alizuia mtu kuingia, mmoja alivuta. Akimwandika yeyote, wawili, au mmoja na mjane wa mwalimu, watapita mlango ule wakisoma jina la mwingine.

Haya, wenzangu, nimemaliza sehemu yangu. Shikeni nyinyi hiyo kalamu: mngeandika jina la nani, na wale wawili mngewaambia nini?