Hodi Tatu na Kikohozi

Adui hodari havunji mlango, hubisha hodi. Niliposema hivyo asubuhi pale maabara, niliwaona mkitazamana, na mmoja wenu akanong'ona kwamba bibi mstaafu ameanza kuchoka. Sijachoka. Mliniuliza kirusi kidogo vile, kisichoonekana hata kwa hadubini yetu hii, kinaingiaje ndani ya seli iliyojaa ulinzi, nami nikawajibu kwa methali. Sasa mnataka kujua ilikotoka. Ilitoka kwetu milimani, katika kijiji cha wahunzi kilichoitwa Ikweni.

Ikweni ilizungukwa na boma la miiba, na lango lilikuwa moja. Maadui wa bondeni walijaribu kulivunja mara nyingi wakarudi na mishale migongoni. Mlinzi wake alikuwa mzee Kajiru, na ndiye pia aliyepuliza mbiu. Mbiu mbili ndefu zilikuwa za msaragambo: kila mtu aache lake aende kwenye kazi ya kijiji. Fupi tatu zilikuwa za hatari. Jioni alipuliza moja nzito, ili kilima cha pili, walikoolewa binti zetu, wajue kwamba Ikweni ni salama. Watoto walifundishwa tangu wakinyonya kwamba mbiu haiulizwi. Ikilia, unakwenda.

Tena kulikuwa na hodi ya nyumbani. Mgeni alibisha hodi akangoja kutazamwa. Aliyezaliwa ndani alibisha hodi tatu akakohoa mara moja, na Kajiru alijibu karibu hata kabla ya kuinua macho. Ukimfanya mwana wa nyumbani asubiri langoni umemtukana yeye na mama yake. Ilikuwa adabu yetu, na adabu ni kitu kizuri. Lakini nawaambia wazi, kuna watu wanaoishi kwa adabu za wenzao kama kupe.

Mwaka mmoja mtu wa bondeni alilala vichakani msimu mzima, hakurusha hata jiwe. Kazi yake ilikuwa kusikiliza. Kisha akaja langoni mchana kweupe, peke yake, hana hata fimbo, mfukoni ana pembe ndogo tu ya kupuliza. Akabisha hodi tatu, akakohoa.

Kajiru akasema karibu mwanangu, akafungua.

Mgeni alikaa kibandani kwa mzee, akala, akamsifu. Siku ya pili alimwambia babu apumzike, kifua chake kimechoka, yeye kijana atampulizia. Mzee alifurahi, kwani kifua kilikuwa kinambana kweli. Nyinyi mnajua tunavyosema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu siku ya tatu aliwapa wenyeji jembe.

Alipuliza mbili ndefu, watu wakakusanyika. Kajiru akawatangazia kama alivyoambiwa: mbiu imesema zijengwe nyumba kumi kando ya lango. Zikajengwa. Kesho yake mbiu imesema mikuki ifuliwe. Wanaume wakafua, wanawake wakavukuta mivukuto ya kupepea moto, na akiba ya nafaka ikapikwa kulisha watu wa kazi. Wakati huo wenzake wa bondeni walikuwa wanaingia mmoja mmoja, hodi tatu na kikohozi, wakilala katika nyumba mpya na kula ugali wa watoto wetu. Kila jioni alipuliza ile moja nzito. Kilima cha pili walisikia salama wakaenda kulala. Naona uchungu hata leo ninapofika hapa, kwa sababu hakuna aliyepigwa hata kofi. Ikweni ilitumikia adui kwa mikono yake yenyewe, ikijiona ina nidhamu.

Banda la uhunzi lilikuwa la mjane aitwaye Namsemba, limeungana na nyumba yake. Mikuki yote ilipangwa darini kwake. Siku ya sita alisikia wageni wawili wakizungumza nje ya ukuta kwamba kesho watapanda kilima cha pili, na kwamba hodi yao ni ileile. Huko ndiko alikokuwa binti yake, Nanzia, na kitoto cha siku tisa.

Asubuhi mbiu mbili ndefu zikalia. Kijiji kikatoka. Namsemba akabaki ameketi mbele ya tanuri, mikono mapajani. Kajiru akamfuata.

"Namsemba, husikii?"

"Nasikia, mzee wangu. Siendi."

"Mbiu haiulizwi, mwanangu."

"Mbiu siiulizi. Nakuuliza wewe uliyemfungulia. Mama yake anaitwa nani?"

Katika siku sita zote mzee hakuwa ameuliza. Watu waliokuwa njiani wakasimama, na yule mgeni naye akaja, anatabasamu kama mkwe. Akamwambia Namsemba kwa upole kwamba kazi ni ya kijiji, asiwavunje wenzake moyo.

"Kijiji kipi?" Namsemba akamwuliza. "Nimevukuta siku tatu, sijaona hata jembe moja likifuliwa. Haya, leo nimechoka. Mvukuto huu hapa, vukuta wewe."

Watu wote walikuwa wanatazama, hakuweza kukataa. Alichuchumaa, akaushika kinyume, akaukandamiza, na majivu yote yakamrudia usoni. Akajaribu tena, moto ukazidi kufifia. Mtoto mmoja akacheka, kisha mama yake, kisha njia nzima.

Namsemba akasimama. "Mmeona. Hajui kuvukuta, hajui kufua, na ugali anaokula hakuulima. Ana pembe tu. Mikono ni yetu."

Yule mtu akapiga mluzi kuita wenzake waje kuchukua mikuki. Namsemba aliwasikia wakikimbia kutoka langoni. Kama wangefika darini, mambo yangekwisha, ya Ikweni na ya kilima cha pili. Basi akachota makaa kwa koleo la marehemu mumewe, akayatupa kwenye nyasi za paa lake mwenyewe.

Msidhani lilikuwa jambo rahisi. Ndani mlikuwa na mbegu za mwaka, na zana alizoachiwa na mumewe, na kitanda alichozalia. Alisimama mbele ya mlango wake unaowaka, koleo mkononi, akamwambia kila aliyesogea kwamba atapita juu yake. Wakasita kidogo tu, na hicho kidogo kilitosha. Dari ikaanguka, mipini ikaungua, vyuma vikazikwa chini ya moto.

Mgeni alikimbilia juu ya mwamba uliokuwa kando ya lango akapuliza ile mbiu moja nzito, ya salama, mchana ule, huku moshi mweusi umepanda juu ya Ikweni nzima. Ndipo kilima cha pili wakashtuka. Jicho linaona hatari, sikio linaambiwa salama. Wakajua mbiu ya Ikweni imeshikwa na mtu mwingine. Wakafunga lango, wakapeleka habari kilima cha tatu, na wote wakabadilisha hodi siku ileile.

Huku nyuma watu wa Ikweni walitupa majembe ya msaragambo, kisha wakayaokota tena kwa kazi nyingine, ya kuwafukuza wageni. Wageni arobaini wasio na silaha walitoka mbio. Wakaenda kilima cha pili wakabisha hodi tatu, wakakohoa. Ndani sauti ikawauliza, "Mama yako anaitwa nani?" Wakabisha tena hodi zilezile, wakajibiwa kwa mishale. Walirudi bondeni na njaa yao, kwani mtu asiye na mikono yake hana pa kujishikiza akikosa ya wenzake.

Namsemba alijengewa nyumba nyingine kwa msaragambo wa kweli. Zana za mumewe hazikurudi, na alizililia, hakuficha. Kajiru alibaki langoni mpaka kufa kwake, na kila mtoto aliyepita alimshika sikio akamwambia maneno yale niliyowaambia asubuhi.

Basi seli ndiyo Ikweni. Ina milango inayotambua hodi, na kirusi huja kimeiga hodi hiyo. Kikiingia kinashika mbiu, seli iache yake ikifulie virusi vingine, na kinawatangazia majirani kwamba ni salama. Chenyewe hakina mikono. Lakini ziko seli zinazokataa, zikajichoma na nyumba zao, majirani wakaona moshi wakafunga. Siku homa itakapowachemsha, msijione mmeshindwa. Ndani yenu kuna Namsemba, amesimama mlangoni na koleo.

Adui hodari havunji mlango, hubisha hodi. Nanyi mkisikia hodi, hata iwe tamu namna gani, ulizeni jina la mama yake.