Mwenye Nyumba Ni Nani
Nyamizi, mshona nguo wa Mpanda, alikuwa amechoka kushona kwa mwanga wa koroboi. Kila akipenga kamasi, lilitoka jeusi. Akamwomba mwenye nyumba wake, Mzee Kapufi, afunge sola.

"Unajua gharama yake wewe?" mzee alifoka. "Paneli, betri, nyaya, fundi! Ukitaka taa, funga kwa hela yako."

"Asante kwa ruhusa, Mzee. Fundi wangu anakuja Jumamosi. Nitawawashia wapangaji wote bure."

"Bure? Una wazimu?"

"Kidogo. Ila wamefurahi mno, wameshaanza kuniita mama mwenye nyumba. Jana hata balozi wa nyumba kumi kaniamkia hivyo hivyo. Nimewakataza, lakini midomo ya watu utaizuiaje, Mzee?"

Mzee Kapufi aliondoka bila kuaga. Ijumaa asubuhi fundi wake alikuwa juu ya paa, naye mwenyewe kasimama uani, tumbo mbele, akitangaza: "Taa ni bure kwa wote, na mwenye nyumba ni mimi!"

Nyamizi alipiga makofi kuliko wote.

Jioni taa zilipowaka, jirani yake Siwema alimnong'oneza, "Sasa yule fundi wako wa kesho utamwambia nini?"

"Fundi gani, shoga yangu? Mimi hata hela ya chumvi sina."