Neno Lililowaangusha Wapiga Makasia wa Skarbi

Hadithi!
— Njoo!
Ije kwa kutembea?
— Ije mbio!
Basi sogeeni, manake hii haijui kukaa chini.

Hapo zamani, zamani zile, kule Uskoti, kwenye pwani ya baridi ambako hata samaki angepewa sweta angevaa, palikuwa na vijiji viwili. Skarbi upande huu wa ghuba, Dunard upande ule. Kila mwaka vinashindana mashua. Wanne wanapiga makasia, mmoja anashika sukani. Nenda hadi mwambani, zunguka, rudi, na anayeshinda anachukua kitu kimoja cha kijiji cha mwenzake. Kwisha.

Sasa, watu wa Skarbi walikuwa na mwiko wao. Ukiwa ufuoni au baharini, hutaji nguruwe. Akitajwa, au ukimwona hata mkia, unaacha ulichoshika, unagusa chuma, unasema, "Chuma baridi!" Usipogusa, bahari inakubeba.

Mnacheka nini? Hapa kwetu usiku nani anamwita nyoka nyoka? Si mnasema "kamba"? Haya, tulieni.

Mwaka wa kwanza, Skarbi wako mbele. Wullie, nahodha wa Dunard, mdomo kama tarumbeta, akapaza sauti: "Nguruweee!" Wee! Skarbi wakatupa makasia, wakapandana mgongoni kukimbilia pete ya nanga kule puani mwa mashua, manake ndicho chuma pekee walichokuwa nacho. "Chuma baridi! Chuma baridi!" Dunard hao, wamepita. Wakachukua kengele ya Skarbi.

Mwaka wa pili, Skarbi wako mbele. "Nguruweee!" Wakapandana. Dunard hao, wamepita. Wakachukua bendera.

Skarbi wakalalamika kwa mwamuzi. Mwamuzi akasema, "Kanuni inakataza kugonga mashua. Haikatazi kutaja mifugo."

Mwaka wa tatu, ikabaki kugombewa jiwe la Skarbi. Na jiwe lenyewe si jiwe hivi hivi. Ukiliinua hadi kiunoni, wewe ni mtu mzima, unapewa kiti kwenye mashua. Hujaliinua, wewe mtoto, hata uote mvi.

Palikuwa na msichana, Elspet, miguu yake haitulii. Akila, miguu inacheza. Akisali, miguu inacheza. Alijaribu jiwe mara ya kwanza, likafika kwenye kifundo cha mguu. Mara ya pili, muundini. Mara ya tatu, gotini, likaanguka, puu! Watoto wakamwimbia, "Elspet goti! Elspet goti!" Sasa jiwe likienda Dunard, Elspet atabaki goti mpaka kufa.

Kumbe mpiga kasia mmoja aliteguka mkono kwenye mazoezi, akiparamia ile pete. Nahodha wa Skarbi, Mjomba Dod, akaangalia huku, akaangalia kule, hana mtu.

"Elspet, utakaa wewe. Lakini kiti ni cha kuazima, umesikia? Kiti chenyewe kinatoka kwenye jiwe."

"Nimesikia, mjomba."

"Na hiyo miguu!"

"Nimeisikia pia, mjomba."

Asubuhi, siku moja kabla ya mashindano, nani atamkalisha? Akatoka nduki pekupeku, akazunguka ghuba nzima. Akakata kona, uso kwa uso na nguruwe wa Dunard, amefungwa mnyororo.

"Chuma! Chuma!" Akatafuta kulia, mwani. Akatafuta kushoto, mwani. Akatafuta nyuma, mwani.

Nguruwe akasema, "Dada, unatafuta nini?"

"Usiniongeleshe! Natafuta chuma!"

"Si umekikanyaga."

Elspet akaangalia chini. Lo! Mnyororo uko chini ya wayo wake.

"Lakini sijakishika!"

"Nyinyi mnasema mguse au mshike? Kwani mguu hauna ngozi? Na mniache, bwana. Kila mwaka naitwa, nageuka, hakuna chakula."

Elspet akaruka juu. Mbio hadi kwa mhunzi, akaomba vyuma vikuukuu vya kwato za farasi. Akavipigilia ndani ya mashua, pale kila mpiga kasia anapokaza nyayo.

Mjomba Dod akaona, akawa mwekundu. "Mababu walishika kwa mkono!"

"Mababu walisema tuguse, mjomba. Nani alisikia wakitaja mkono?"

Dod akatafuna ndevu. Akatafuna tena. Akasema, "Vueni viatu."

Siku ikafika. Mashua zikatoka, chwa! chwa! chwa! Mwambani, Skarbi wako mbele kidogo tu.

"Nguruweee!" Nyayo zimekaza kwenye chuma. "Chuma baridi!" Chwa!

"Nguruwe mnene!" "Chuma baridi!" Chwa!

"Nguruwe na shangazi zake!" "Chuma baridi!" Chwa!

Wullie akapiga kelele mpaka akasahau sukani, Dunard wakala mchanga. Skarbi wakafika. Kengele ikarudi, bendera ikarudi, jiwe halikwenda popote.

Dod akamwambia Elspet, "Kiti ni chako. Liache jiwe."

"Sikitaki cha bure," Elspet akasema. Akainama. Kifundo cha mguu. Muundi. Goti. Jiwe likapita goti.

Hapo Mjomba Dod, miaka arobaini hajawahi kulitamka lile neno, akashika ndoo ya bati kwa mkono mmoja, akafumba macho, akanguruma ili amjaribu: "NGURUWE!"

Skarbi nzima wakatawanyika kutafuta chuma. Elspet hakutikisika. Jiwe likafika kiunoni, likakaa. Na ile miguu, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, ilitulia tuli. Wakachungulia: amesimama juu ya chuma cha farasi.

"Chuma baridi, mjomba," akasema, akihema. "Niliweke wapi?"

Basi mafunzo ni haya: wakubwa wakikupa mwiko, usiutupe, lakini usikilize vizuri walisema nini.

Hadithi yangu imegota ufuoni, anayeipenda aivute, asiyeipenda aisukume. Na msiniulize nimelitaja lile neno mara ngapi. Tangu nianze, mguu wangu uko juu ya kifuniko cha sufuria.