Mkanda wa Mshonaji

Aibu ni nguo, na mtu hakatazwi kuvaa nguo. Lakini mwenye shida akikataa kuivua hata mbele ya wanaoweza kumsaidia, shida ile humla akiwa kimya. Ndivyo yalivyotaka kumfika mshonaji mmoja, mama wa mtoto mchanga.

Mumewe alipata kazi mji mwingine, wakahamia nyumba ya kupanga yenye vyumba vingi na ua mmoja. Kila alasiri kina mama wanaonyonyesha walikaa barazani, matiti nje, soga na vicheko tele. Mshonaji aliwapita macho chini. Titi lake la kushoto lilikuwa limevimba na kuwa gumu kama jiwe, chuchu imepasuka, na mtoto akilishika tu, mama huuma meno kwa uchungu.

"Wenzangu maziwa yanawamwagika, mimi hata kunyonyesha sijui," alijisemea, uso ukimwaka.

"Njoo ukae, shoga!" alimwita Mama Pacha, jirani wa mlango wa pili.

"Ahsante, dada. Wangu ameshiba, amelala."

Uongo mtupu! Mtoto alikuwa akinyonya titi moja tu na kubaki na njaa. Naye, kwa kuiamini mno sindano yake, akashona mkanda wa kitambaa kigumu, akajibana kifua ili uvimbe usionekane wala maziwa yasilowanishe gauni. Loo! Maziwa yakazidi kuziba, homa ikampanda, mtoto akalia hadi sauti ikamkauka.

"Hodi!" Mama Pacha akagonga.

"Nimelala, dada."

"Na huyo anayelia, naye amelala? Fungua!"

Akafungua, gauni likiwa wazi kifuani kwa joto la homa. Mama Pacha alipouona mkanda, alishika kiuno. "Mama wee! Umejifunga kama mzigo wa kupakiwa kwenye basi! Kwa nini hukusema?"

"Niliona haya. Nimewadanganya kila siku. Nilijua mtanicheka." Machozi yakamtiririka, alitamani ardhi ipasuke immeze.

Mama Pacha akawaita wenzake. Wakaukata mkanda kwa mkasi wa mshonaji mwenyewe, wakamkanda kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu, wakamfundisha kumsubiri mtoto apanue kinywa ndipo amsogeze.

"Huyu Mama Pacha usimwone hivi," alisema mmoja. "Alikuwa akijifungia chooni asiwasikie wanawe wakilia!"

Wakaangua kicheko, Mama Pacha mwenyewe akiongoza. Kisha wakampeleka zahanati, wakipokezana mtoto njiani.

Homa iliposhuka, mshonaji aliketi barazani kwa mara ya kwanza. Haya ilikuwa bado imemjaa, lakini alifungua vifungo. Mtoto akanyonya titi la kushoto mpaka usingizi ukamchukua, tone la maziwa shavuni.

"Kumbe mwanangu alikuwa akilala njaa kwa sababu ya haya yangu," alisema polepole.

"Ndiyo, alilala njaa," Mama Pacha akajibu bila kumbembeleza. "Leo ameshiba. Sogea huku, hapo kuna jua."

Mshonaji akasogea, akaegemea bega la mwenzake, akalia waziwazi mbele ya wote. Hapo ndipo alipokubali kwamba wahenga hawakukosea: mficha uchi hazai.