Kwa Nini Udongo Hunukia Mvua ya Kwanza

Hapo kale udongo haukuwa na harufu. Mvua ya kwanza ilinyesha, watu wakalowa, basi. Lakini ndani ya ardhi waliishi Wadodi, watu wadogo mno. Mia wangesimama juu ya ukucha wako na nafasi ya kuchezea ngoma ikabaki. Kazi yao ilikuwa kupika majani yaliyoanguka yawe chakula cha mimea.

Katika milima ya Taita aliishi Wakesho, mwanamke msafi kupita kiasi. Alifyeka kichaka nyuma ya nyumba ili apande mtama wa pombe ya harusi ya bintiye, Mghoi, kisha akaona haya kuacha takataka. Akafagia. Naam, alifagia shamba! Kila jani akalichoma, na majirani wakamsifu.

Jua likapiga udongo ulio uchi. Mwanzoni Wadodi walichangamkia joto, wakapika akiba yote na kuimaliza upesi. Kisha wakakosa jani, wakakosa kivuli, wakajikunja na kulala. Mtama alioupanda ukawa manjano, ukaishia magotini. Ulibaki msimu mmoja tu kabla ya harusi.

“Mama, pombe si lazima,” Mghoi alisema, akijikaza asilie.

“Nyamaza, mwanangu. Wakwe wanywe maji?”

Wakesho akashika jembe, akachimba kwa hasira. Sauti nyembamba ikatoka chini: “Mama Mghoi, umefagia jiko letu lote. Tupike nini?”

Aibu ilimshika, kisha kicheko. Akaenda kwenye msitu uliobaki, akarudi na vikapu vya majani yaliyoanza kuoza, yakiwa na Wadodi wengine ndani. Akayatandaza shambani, akapanda mtama pamoja na kunde za kufunika ardhi. Majirani walimcheka, eti mwenye ufagio amechanganyikiwa. Hakuwajali.

Mvua ya vuli ilipodondoka, Wadodi wakaamka wote kwa mpigo, na njaa ya miezi, wakainjika vyungu. Harufu tamu ikapanda, ikaingia kila nyumba. Wakesho alisimama katikati ya shamba akilowa, akivuta pumzi, akicheka kwa furaha. Mtama ulimpita kimo. Harusini, hata wale majirani waliomcheka walikunywa pombe mpaka wakabebwa kurudishwa kwao.

Na tangu siku hiyo, mvua ya kwanza ikigusa ardhi, udongo hunukia. Na mpaka leo, wazee wa huko wakienda kuposa, hawaangalii kama ua umefagiwa. Husubiri mvua, wakaomba wapitishwe shambani, wakanusa.